Ukisema "Niko Kadi", Meza Nzima Inakusikia

Wadogo zangu, likizo ya Desemba imefika, kahawa bado inachumwa, na nyinyi mkishamaliza kazi za asubuhi mnajua pa kukutana. Wa Embu chini ya mwembe, wa huku juu Meru mmejibana jikoni karibu na moto. Pakiti ya karata inatolewa, anatafutwa mwenye mikono myepesi achanganye, na kabla jua halijatua kuna mtu amenuna.

Huyo aliyenuna ndiye anayeniandikia.

"Dada, wananionea." Hayo ndiyo mnayoanza nayo. Kijana wa Runyenjes analalamika kwamba akibakisha kadi mbili tu mkononi, binamu zake wote wanamgeukia. Msichana wa Nkubu alimwahidi dadake mdogo kwamba hatampiga tatu, kisha akampiga tatu, na sasa wanalala chumba kimoja bila kusemezana. Mwingine anasoma Chuka, amefundishwa hosteli ule mchezo wa kadi za mazimwi na wachawi, Magic: The Gathering, na hela za matumizi zinamwishia kwenye pakiti. Nimewasoma wote. Poleni. Hakuna hata mmoja wenu aliye na shida ya ajabu. Haya yanampata kila anayekaa kwenye meza ya watu zaidi ya wawili. Lakini kutoa pole si kunyamaza, kwa hiyo sogeeni nikwambieni ukweli, hata ule usiopendeza.

Shida yenu si kadi. Mkiwa wawili, mwenye kadi nzuri na akili iliyotulia atashinda mara nyingi, na aliyeshindwa hana wa kumlaumu. Mkiwa wanne au watano, mambo ni mengine kabisa. Hapo kila mmoja ana macho, ana moyo, anakumbuka ulivyomtenda mchezo uliopita, na ana uhuru wa kuchagua nani ampige. Unaweza kushika mkono bora kuliko wote ukatoka wa mwisho kwa sababu tu watu walikuogopa mapema. Mti wenye matunda ndio hupigwa mawe, na wewe mdogo wangu wa Runyenjes umekuwa ukipanda juu ya kiti kuwaonyesha watu matunda yako.

Tuanze na kadi yetu ya kawaida, maana huko ndiko wengi mnakolilia. Sheria mnazijua: mbili humwokotesha anayefuata kadi mbili, tatu humwokotesha tatu, jokeri tano. Jei humruka mtu, Kingi hugeuza mzunguko, Kwini na nane ni maswali yanayotaka jibu la aina ileile, na Esi hubadilisha aina au huzuia adhabu. Kumaliza unamaliza kwa zile za kawaida, yaani nne, tano, sita, saba, tisa na kumi, na ni lazima useme "niko kadi" kabla ya zamu yako ya mwisho. Ukinyamaza, huruhusiwi kumaliza.

Hebu fikirieni sheria hiyo ya mwisho. Aliyeiweka alijua watu. Mchezo wenyewe unakulazimisha utangaze kwamba uko karibu kushinda, halafu unawapa wenzako mzunguko mzima wa kukuzuia. Mnaona basi? Kufungwa baada ya kusema "niko kadi" si kuonewa. Ndivyo mchezo ulivyoundwa. Anayenuna kwa sababu amepigwa tatu baada ya kutangaza ananunia sheria aliyokubali mwenyewe alipopokea kadi.

Sasa nikuonyeshe mahali unapokosea. Mko wanne. Umebaki na saba ya kopa, saba ya maua, na Esi. Juu ya meza kuna kumi ya spedi. Huna spedi ya kawaida, na kuokota hutaki, kwa hiyo unatupa Esi, unaita kopa, unasema "niko kadi" kwa sauti ya kufika barabarani, unaegemea ukuta na kutabasamu. Mzunguko unakwenda. Wa kwanza anatupa nne ya kopa. Wa pili anatupa tisa ya kopa. Wa tatu, yule anayekutangulia, anakutazama, anatazama kadi zake, anaweka tatu ya kopa polepole. Unaokota tatu. Umetoka kwenye kadi mbili hadi tano, na ile Esi ambayo ingekukinga ndiyo uliyoitumia kukwepa kuokota kadi moja.

Akiba haiozi, mdogo wangu. Ungeokota ile kadi moja. Ungekaa zamu mbili tatu na kadi nne mkononi, wala hakuna ambaye angekutilia maanani, na siku ya kutangaza ungekuwa na ngao. Hapa ndipo wengi wenu mnapoanguka: mnahesabu kadi zilizobaki, hamhesabu macho yanayowatazama. Kubaki na kadi chache si kukaribia kushinda ikiwa kila mtu anajua na huna cha kujikingia.

Kiti unachokalia nacho kina maneno. Anayeweza kukuumiza ni yule anayekutangulia. Unayeweza kumuumiza wewe ni anayekufuata. Na Kingi moja tu inawabadilishia nafasi. Kwa hiyo ukiona Kingi mbili zimeshapita, unaweza kupumua kidogo kuhusu mtu wa upande wa pili. Ukiona hakuna hata moja iliyotoka, usimfanyie ukatili anayekufuata bila sababu ya maana, kwa sababu huenda baada ya dakika moja yeye ndiye atakayekuwa anakutangulia, na mkono wako uliompiga bado ana uchungu nao. Mwosha huoshwa.

Kuna jambo jingine ambalo nimelitazama sana na halisemwi. Mtu akishatangaza, wengine wote wanataka azuiwe, lakini kila mmoja anataka mwenzake ndiye atoe kadi ya kumzuia. Wa kwanza anaficha Esi yake akisema moyoni, "yule wa tatu ana mbili." Wa tatu naye ametumia mbili yake zamani, hana kitu. Aliyetangaza anamaliza, kisha wanaanza kulaumiana: "Si ungempiga!" "Mbona wewe hukumgeuza?" Ubahili wa namna hii umewashindisha watu wengi kuliko ujanja. Ikiwa uko mezani na unaona hatari, sema wazi kabla: "Mimi sina, nani anaweza?" Na ukiwa nayo, itoe. Ila usikubali kuwa mtoaji wa kila siku. Yupo mmoja katika kila kundi, mara nyingi mwenye roho nyepesi kuliko wote, ambaye kadi zake zote huishia kuwazuia wengine na yeye mwenyewe hajawahi kumaliza. Kama ni wewe, nakupenda, lakini acha. Mara moja moja waachie wengine wabebe mzigo huo, hata kama mchezo ule utapotea.

Nakuja kwako wewe wa Chuka. Nimekaa kwenye meza za Magic, kwa hiyo usidhani nakukemea kwa jambo nisilolijua. Mchezo huo ulitoka mwaka 1993, ukiwa umebuniwa na Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati, na namna mnayoicheza nyinyi hosteli, ya watu wanne, inaitwa Commander. Ilianzia Alaska kwa marafiki waliotaka kucheza wengi pamoja bila haraka, na mwamuzi mmoja, Sheldon Menery, ndiye aliyeieneza duniani hadi alipofariki mwaka 2023. Yeye alishikilia siku zote kwamba wanaokaa mezani wana deni la kufurahishana. Naomba ulishike hilo, maana naona kwenye barua yako limekuponyoka.

Unaniuliza fungu lako la kadi 100 lina kasoro gani. Ulivyonieleza, umejaza mazimwi ya gharama kubwa, na kadi za ardhi, zile za kulipia gharama hizo, ni 30. Mdogo wangu, utakaa unatazama wenzako wakicheza. Wazoefu huanzia kadi za ardhi 36 hadi 38, kisha kama kumi za kuharakisha nguvu, kama kumi za kukuongezea kadi mkononi, na kama kumi za kuondoa vitisho vya wengine. Zinazobaki ndizo za kuonea fahari. Fungu lako limejaa fahari tupu, halina chakula. Punguza mazimwi, ongeza ardhi, na usiniambie kwamba hizo ni kadi za kuchosha. Hizo ndizo zitakazokufanya uwepo mchezoni.

Ila hata ukilipanga vizuri, kuna hesabu ambayo hujaifanya. Kila mchezaji anaanza na uhai 40. Wapinzani wako ni watatu, yaani uhai 120 mbele yako, na wewe una wako 40. Huwezi kuwapiga wote kwa nguvu zako peke yako tangu mwanzo. Unachohitaji ni wao wapunguzane huku wewe ukiwa mtu asiyetisha. Wewe unafanya kinyume: zamu ya nne umeshamtoa kamanda wako, ile kadi inayoongoza fungu, unampiga jirani mara moja, mara ya pili, ukitaka kufikisha yale madhara 21 ya kamanda yanayomtoa mtu. Jirani anageuza kila kitu alicho nacho kwako. Mnaumizana nyinyi wawili, na yule mpole wa upande wa pili, aliyekuwa anaweka ardhi na kunywa chai, anawamaliza. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Unaniandikia kwamba yule mpole ana bahati. Hana bahati yoyote. Ana subira, na wewe ndiye uliyemlisha.

Msinielewe vibaya mkadhani nawafundisha kujificha na kujifanya wanyonge. Kuna anayecheza mchezo mzima akilia, "Mimi sina kitu jamani, mniache," na kumbe ana kila kitu. Ule ni uongo, na watu wakiugundua mara moja hawatakuamini tena hata siku ambayo huna kweli. Kukaa kimya na kadi nzuri ni busara. Kusema huna wakati unazo ni kujiharibia jina, na katika meza ya watu wengi jina lako limekaa pale kabla hata kadi hazijagawiwa.

Hapo ndipo ninapomfikia msichana wangu wa Nkubu, na hapa nitakaa kidogo.

Uliahidi. Dadako mdogo alikuwa anakufuata, ukamwambia, "Nibadilishie iende maua, nami sitakupiga tatu." Akabadilisha, akitumia Esi yake kwa ajili yako. Mzunguko ukarudi, ukaona tatu uliyo nayo ingemsimamisha, ukaitupa. Unajitetea kwamba ni mchezo tu, na kwamba hakuna sheria ya kadi inayokataza. Ni kweli, hakuna. Hata kwenye Magic, makubaliano ya mezani hayana sheria ya kuyalinda. Mtu akigeuka hakuna mwamuzi wa kumwadhibu. Kwa sababu hakuna sheria, kilichobaki pale ni neno lako peke yake. Yeye alitoa kitu cha kweli, ile Esi, akapokea maneno matupu. Mtoto wa umri wake hatakumbuka nani alishinda. Atakumbuka kwamba dada mkubwa anaweza kusema kitu akiwa anamwangalia usoni, asikifanye. Siku utakapomwambia, "Nieleze kinachokusumbua, sitamwambia mama," atakuwa anakumbuka ile tatu.

Naona umekunja uso. Kunja tu, nakuambia kwa mapenzi. Ahadi ni deni, na la mezani ni deni vilevile. Sikwambii usifanye mapatano. Mchezo wa wengi bila mapatano hauna ladha. Nakwambia yafanye madogo, yenye mwisho unaojulikana. "Sitakupiga mpaka zamu yangu ijayo." "Tumzuie huyu kwanza, baada ya hapo kila mtu na lake." Hayo yanatimizika. Usiseme "sitakugusa mchezo wote," kwa sababu hujui kadi utakazookota, na utajikuta unachagua kati ya kushindwa na kuwa mwongo. Mkikubaliana jambo, litimize hata likikugharimu mchezo. Mchezo mmoja wa kadi hauna thamani hata ya kikombe cha chai, na mtu anayejulikana kwamba hutimiza hupewa mapatano mazuri msimu mzima. Unaona faida? Hata ukitaka kushinda tu, uaminifu unalipa.

Na nyinyi wapenzi! Sitawataja, mnajijua. Kijana anakaa mezani na msichana wake, na kila akipata mbili haitupi kwa yule msichana, anangoja mzunguko ugeuke ili ampige mwingine. Wengine wanaona. Wanaweza kunyamaza kwa heshima, lakini wanaona, na baada ya muda mnajikuta hamualikwi. Wasichana, msiombe kuhurumiwa mezani. Mnajipunguzia hadhi wenyewe, kisha mnashangaa mkishinda watu wakisema "alishindishwa." Cheza na mpenzi wako kama na mtu mwingine yeyote; kama penzi linavunjika kwa kuokota kadi tatu, lingevunjika tu. Na kuna kaka zenu wanaodai karata ni za wavulana. Wakiwaambia hivyo, ketini tu, mdai kadi zenu.

Ya kisasi pia niyaseme. Mnabeba mambo ya jana. Jana alikupiga jokeri, leo hata kabla hajafanya lolote unamsubiri. Unaacha kumzuia mwenye kadi moja ili umpige mwenye kadi saba, kwa sababu tu uchungu wa jana haujaisha. Watu wazima hufanya hivyohivyo kwenye chama, kwenye kamati ya maji, hata kanisani, kwa hiyo sikushangai. Lakini hasira hasara: unampa ushindi mtu wa tatu ambaye hata hatakushukuru. Na ukiwa umeshaona huwezi kushinda, usimchagulie mtu ushindi kwa chuki. Cheza kadi yako bora uliyo nayo na umwache mshindi ashinde. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Wengine mkiona mnashindwa mnatupa kadi chini na kuondoka katikati ya mchezo, na kuondoka huko kunawaharibia watatu waliobaki. Usifanye hivyo nyumbani kwa mtu.

Nusu ya ugomvi mnaoniandikia ungeisha kwa maneno ya dakika mbili kabla ya kugawa. Kadi yetu ina sheria za kila nyumba: wa mji wa Maua watakuambia mbili inajibiwa na tatu, wa Manyatta watakataa, wengine Esi ya spedi inahesabika mara mbili, wengine hawaijui hiyo, wengine wanagawa tatu, wengine nne. Hakuna aliye mwongo hapo. Ulizaneni kabla: nini kinajibu nini, asiyesema "niko kadi" anafanywaje. Wenye Magic nao wamelazimika kufanya hivyo. Mwaka 2025 kampuni yenyewe, Wizards of the Coast, ilitoa ngazi tano za nguvu ya mafungu ili watu wajadiliane kabla ya kuketi, maana ilikuwa huzuni tupu mtu aje na kadi za kawaida akutane na anayemaliza kwa zamu tatu. Ukiwa na fungu kali, sema ni kali. Kumchinja mgeni asiyejua si ushindi wa kwenda kusimulia.

Sasa pesa. Hapa msinitegemee niwabembeleze.

Wewe wa Chuka, hela ya mkopo wa HELB ni ya karo, chakula na nyumba. Kununua pakiti zilizofungwa ukitumaini ndani kuna kadi adimu ni kununua bahati, na bahati haina mwisho wa bei. Kama kuna kadi unayoitaka kweli, itafute hiyo moja. Na kwenye meza za kirafiki watu wengi hukubali kadi zilizochapishwa saiba kwa karatasi, mradi umewaeleza na wamekubali; mashindano rasmi ndiyo hayaruhusu. Utacheza mwaka mzima kwa bei ya picha za kuchapisha. Usione haya. Aibu ni kukopa Fuliza kwa ajili ya zimwi.

Na hii kadi yetu, nasikia kwenye vijiwe vya miraa na muguka inachezwa kwa dau: inaanza na soda, inakwenda hamsini, inafika mia mbili, na bonasi ya majani chai ikilipwa inafika mahali ambapo mwanamume anarudi nyumbani hana la kumwambia mkewe. Sheria ya Kenya hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini sikukatazi kwa sababu ya sheria peke yake. Pesa ikishawekwa mezani, yote niliyowaambia yanageuka. Mapatano yanakuwa njama. Ndugu wawili wanakonyezana dhidi ya wa tatu. Kushindwa hakuishi mchezo ukiisha. Kunakufuata hadi kwenye sufuria ya jioni. Usicheze kwa pesa, hata shilingi kumi, hata na kaka yako.

Ile meza ndogo ya pata potea inayotokea karibu na stendi siku ya soko, yenye kadi tatu na watu wanaoshinda mbele ya macho yako, hiyo si mchezo kabisa. Wale wanaoshinda ni wao kwa wao. Anayekuambia kwa sikio, "Nimeiona, iko kushoto," ni wao. Meza nzima ni upande mmoja, na upande wa pili ni wewe peke yako na nauli yako. Pita. Usisimame hata kutazama.

Kuna walioniuliza kuhusu mama. Mama ni wa Methodisti au wa PCEA au wa Katoliki, anaona kadi zenye picha za mashetani na wachawi, anasema zichomwe. Au hata kadi za kawaida anaona ni za walevi. Msimcheke, na msifiche kadi chini ya godoro, kwa sababu siku atakapozikuta ataamini kila alichokiogopa. Mwite akae. Mwonyeshe kwamba ni hesabu na hadithi, mwonyeshe mnaocheza nao ni kina nani, mwambie hakuna pesa. Akikubali, mshukuru kwa kuosha vyombo kabla ya kuanza. Akikataa, ni nyumba yake. Mtacheza mtakapokuwa na yenu. Najua mtaona ni ngumu. Lakini mama aliyefichwa jambo anaumia kuliko mama aliyekataa jambo.

Nimebakiza wewe, Nkubu. Umeniuliza utafanyaje dadako akusemeze tena, na unataka nikupe maneno. Usimnunulie kitu. Usimwambie "samahani kama nilikukasirisha," maana hiyo si samahani. Mwambie hivi, mkiwa wawili, kabla ya kuzima taa: "Nilikuahidi sitakupiga tatu, nikakupiga. Ulinipa Esi yako, nami nilikudanganya. Sitafanya tena." Halafu nyamaza. Asipojibu usiku ule, mwache. Kesho mkianza mchezo, muombe yeye agawe, na umruhusu achague akae mbele yako au nyuma yako. Akichagua kukutangulia, akapata tatu, ataitupa, nakuhakikishia. Okota zote tatu bila neno, mwendelee kucheza.